Hakuna Aliyemnyima Mwiwa

Kakamega, 14 Januari 2024

Khotsa wangu,

Mulembe. Natumaini mvua za Morogoro zimekuachia paa na kwamba kikohozi cha Desemba kimeondoka. Sisi tuko. Mama anakusalimu. Mgongo wake umetulia tangu tumkataze kuchota maji, ingawa akiona hakuna anayemtazama hubeba ndoo akajifanya anakwenda kuangalia kuku. Miwa ya marehemu baba nyumbani Navakholo imepita umri wa kukatwa na trekta halijaja. Kila asubuhi Mama huitazama kama mgeni aliyekataa kuaga.

Najua simu huisikii tena, na jumbe fupi unasema zinakuletea nusu ya jambo. Kwa hiyo naandika, na dereva wa basi la Kisumu atampa mwenzake wa Mwanza, kama kawaida yetu.

Nimepata kazi. Ni mradi wa utafiti wa presha. Wanajaribu kidonge kipya kilichounganisha dawa mbili, kwa watu wa miaka hamsini na kuendelea. Nusu ya washiriki watapewa kidonge hicho, nusu watapewa dawa za siku zote. Kompyuta ndiyo inayochagua. Kazi yangu ni kuwatembelea watu nyumbani, kuwaeleza, kuwasomea fomu ya ridhaa, na anayekubali anatia sahihi au kidole gumba. Mkuu wetu ni Daktari Chepkoech, mtu wa Kapsabet, mkali lakini hana upendeleo. Mkataba ni wa miezi sita. Anayefanya vizuri anaongezewa miaka mitatu.

Nimepangiwa Malava, na katika eneo langu mna boma lenu, alikozaliwa Mama. Pale wengi bado wananiona yule mtoto wa Jescah aliyetumbukia kwenye shimo la matofali. Wewe kaka yake Mama ndiye mkubwa wa boma, hata ukiwa mbali. Naomba uniandikie barua ya kunitambulisha, nimpe George aisome mbele ya watu.

Mama anauliza, kama anavyouliza kila mara, utakuja lini.

Mwiwa wako,
Mitchel


Morogoro, 9 Februari 2024

Mwiwa wangu Mitchel,

Mulembe nawe, na mama yako, na miwa yenu isiyoaga. Kikohozi kimeondoka. Kimeniachia uchovu, lakini mzee wa miaka sabini na tisa akiamka bila uchovu afadhali mchungaji aitwe aje kuzika.

Nimefurahi. Miaka ishirini na sita nilitunza vitabu vya chuo hapa, na kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa kumsomea mtu asiyejua kusoma barua aliyoletewa. Unakaa naye, unasoma polepole, unamwona uso ukibadilika. Sasa ndiyo kazi yako.

Barua uliyoomba nimeiambatisha katika bahasha yake. Kusema kweli hukuihitaji. Kwetu mwiwa, mtoto wa dada, huingia hata jikoni, akafunua chungu, na hakuna wa kumuuliza. Bibi yangu alisema mwiwa akinyimwa akaondoka ananung'unika, mbegu za boma zima hukaa ardhini bila kuota. Wazee wa leo watacheka wakikwambia hivyo, lakini watazame: watakupa kwanza, ndipo wacheke.

Nina swali moja. Kati ya watu uliowaendea hadi sasa, wangapi wamekataa? Sikuulizi kwa ubaya.

Kuhusu kuja, tutazungumza siku nyingine.

Isaiah Osundwa


Malava, 30 Aprili 2024

Khotsa,

Mulembe mingi. Mvua imeanza vizuri, mahindi yameshika. Mama ameanza kwenda kanisani tena. Trekta lilikuja Pasaka, likakata nusu ya miwa, likaharibika, likavutwa na trekta lingine. Nusu iliyobaki inatutazama.

Barua yako ilifanya maajabu. Jumapili baada ya ibada George aliwakusanya watu wote wa boma na wa maboma ya jirani chini ya hema la kanisa, akasimama akaisoma. Mzee mmoja alilia. Mama Pascalia, shemeji yako, alifungua leso akafuta macho na kusema, "Isaiah bado ana maneno." Kisha nikaeleza utafiti, nikasoma fomu, kurasa kumi na moja, kwa Kiswahili na kwa lugha yetu. Mama Pascalia ndiye wa kwanza kutia kidole. George, mwanawe, alitia sahihi kama shahidi. Wiki hiyo nilizunguka boma kwa boma na kila nilipofika nilichinjiwa kuku, ile ingokho yetu. Nimenenepa.

Watu arobaini na mmoja, Khotsa. Niliowaendea ni arobaini na mmoja na waliokubali ni arobaini na mmoja. Wenzangu wa Navakholo wamepata nusu. Daktari Chepkoech alinisimamisha kwenye mkutano, akasema wengine wajifunze kwangu namna ya kuheshimu jamii. Mkataba wangu umeongezwa hadi 2027. Mwezi ujao nitamnunulia Mama tangi la maji.

Uliuliza wangapi wamekataa. Hakuna.

Mitchel


Morogoro, 2 Juni 2024

Mitchel,

Salamu kwako na kwa mama yako. Hapa kuna baridi na watu wanavaa makoti waliyoazima.

Nimesoma barua yako mara tatu. Nimekaa na watu wengi kuliko wewe, katika shule, katika kambi na katika maktaba, na sijawahi kuona watu wazima arobaini na mmoja wakikubali jambo moja bila hata mmoja wao kusema nitafikiri. Hata kwenye mazishi kuna anayekataa chakula.

Nijibu haya. Wengi wa watu hao walikuwa wanatumia dawa za presha tayari. Je, waliambiwa waziache? Kwa muda gani? Pascalia alisema nini kabla ya kutia kidole? Simaanishi baada ya hapo. Nataka maneno yake.

Isaiah Osundwa


Kakamega, 19 Septemba 2024

Khotsa,

Mulembe. Nisamehe kwa kukaa kimya. Kulikuwa na kazi nyingi, halafu Mama aliugua malaria, sasa amepona. Tangi limefika. Miwa iliyobaki imeungua. Hatujui nani aliwasha moto, na kiwanda kinasema iliyoungua hakiichukui baada ya siku tatu.

Mama Pascalia hajisikii vizuri. Tarehe sita Agosti alikuwa sokoni Malava akiuza mboga, akaanguka. Mkono wa kulia umelegea na mdomo umekwenda upande. Alilazwa wiki mbili, na mradi umesimamia matibabu yote. Anaongea, ila polepole. Daktari Chepkoech mwenyewe alikuja kumwona mara mbili.

Kuhusu dawa: ndiyo, kulikuwa na wiki mbili za kupumzisha dawa za zamani kabla ya kuanza zile za utafiti. Ipo kwenye ukurasa wa nne. Hatari zimeandikwa kwenye ukurasa wa sita. Haki ya kukataa ipo ukurasa wa tisa, na niliisoma kwa sauti. Wiki hizo mbili zilikwisha Mei, yeye alianguka Agosti. Daktari anasema haiwezekani kujua kama kuna uhusiano, maana watu wa presha huanguka hata bila utafiti wowote. Kamati ya maadili imearifiwa kama sheria inavyotaka.

Nimefuata kila hatua, Khotsa. Nakuomba usiniandikie kama ulivyoniandikia mwezi wa Juni.

Mitchel


Morogoro, 11 Oktoba 2024

Mitchel,

Salamu ni wajibu, kwa hiyo nakusalimu. Mwambie mama yako nimesikitika kwa miwa.

George ameniandikia. Kurasa nne, mwandiko wa mtu aliyeandika akiwa amesimama. Anasema mama yake hakutaka. Anasema alisema hivyo zaidi ya mara moja, mbele ya watu, na wewe ulikuwepo kwa sababu ni wewe aliyekuwa anakwambia. Barua yako ya Aprili imejaa kuku na machozi na haina hilo. Barua yako ya Septemba ina namba za kurasa na haina hilo.

Sisemi kidonge kilimwangusha. Mimi sijui, wewe hujui, na daktari wako amekiri kwamba hajui. Pengine angeanguka hata akiwa na dawa zake za dispensari. Nasema mwili ule ni wake, na katika siku aliyopaswa kuulizwa juu yake, watu walikuwa wameshamjibia.

Tena usinisomee ukurasa wa tisa. Nimeishi na karatasi tangu kabla mama yako hajaolewa. Karatasi inayosema una haki ya kukataa, ikisomwa na mtu asiyekataliwa, ni kelele. Daktari wa Kapsabet hakujua hilo. Alikuona mwenyeji, akafikiri wenyeji ndio heshima. Wewe ulijua. Umekula katika vyungu vile tangu hujaota meno. Ulijua kwamba pale Malava hakuna mzee atakayemtazama mtoto wa Jescah usoni na kumwambia sitaki, na ukaitumia desturi ile kama mtu anayeachiwa ufunguo aangalie nyumba, kisha akauza vyombo.

Wenzako wa Navakholo walipata nusu. Nusu ile ndiyo kazi. Nusu ile ina maana kwamba watu waliulizwa.

Nenda kwa daktari wako umwambie ulivyowapata. Watu arobaini na mmoja bado wanameza asichojua mtu ni nini, na hakuna hata mmoja wao aliyekubali.

Usinijibu mpaka umekwenda.

Isaiah Osundwa


Kakamega, 25 Novemba 2024

Khotsa,

Sijakwenda, na ninakujibu.

Unataka maneno yake. Haya. Tulikuwa chini ya hema. Nilikuwa nimefika ukurasa wa nne. Mama Pascalia akainua mkono kama mtoto wa shule, akasema, "Mitchel mama, hizi dawa zangu za dispensari zinanikalianga vizuri. Kwa nini niziache?" Nikamwambia ni wiki mbili tu. Nilipomaliza ukurasa wa tisa akasema, "Na mimi nikisema sitaki?"

Nikacheka. Hicho ndicho nilichofanya. Sikumtisha, sikumlazimisha. Nilicheka, nikasema, "Utamwambia mwiwa hutaki?" Hema lote likacheka. Mzee mmoja nyuma akasema, "Pascalia, kataa uone kama mahindi yako yataota." Wakacheka zaidi. George, huyo anayekuandikia sasa amesimama, akamwambia, "Mama, usituletee mkosi, malizeni tukale." Hata yeye Mama Pascalia alicheka. Akasema, "Basi, acha kwanza nimuulize daktari wa dispensari, nitakuambia Jumatano." Nikasema, "Na barua ya Khotsa?"

Akafuta mkono kwa leso akaniletea kidole.

Sasa tuzungumze juu ya hiyo barua. Nimeichukua kwa George na iko hapa mezani. Hukuniuliza imesema nini, kwa sababu unajua. Mimi nilikuomba unitambulishe. Uliandika hivi: "Mtoto huyu ni wa Jescah. Anachowaomba, nimekiomba mimi. Anayemfungia mlango, amenifungia mimi nisirudi."

Nisirudi. Miaka thelathini na kitu wanakungoja. Mkeka wako Mama Pascalia huuanika kila Krismasi. Kila mmoja pale alisikia kwamba akisema hapana, yeye ndiye atakayekuwa amekuzuia kuja. Mimi nilikuwa na mkosi wa mbegu mkononi, na wewe ukaniongezea mkosi huo wa pili. Halafu unakaa Morogoro, unaniita mwizi wa vyombo.

Ulinifundisha kusoma kwa barua zako. Nilikuwa na miaka saba. Sijawahi kukukosea heshima na sitaki kuanza, lakini niambie: nikienda kwa daktari nikasema niliwapata kwa desturi, nafukuzwa. Mama ana presha pia. Dawa zake nanunua mimi. Wewe utapoteza nini?

Mitchel


Morogoro, 3 Januari 2025

Mwiwa wangu,

Mulembe. Mwambie Jescah asiache dawa zake hata siku moja, na amwogope kila mtu anayemwambia vinginevyo, hata akiwa mwanawe.

Nimekaa na barua yako wiki tano. Wiki ya kwanza nilikuwa na hasira na wewe. Zilizofuata nilitafuta namna ya kuendelea kuwa nayo, nikaishiwa.

Sentensi uliyoninukulia niliiandika mara mbili. Mara ya kwanza iliishia kwenye "mtoto huyu ni wa Jescah." Ilitosha. Nikachukua karatasi nyingine nikaongeza yale mengine, nikijua yatafanya nini. Nilitaka kuona kama jina langu bado linaweza kuwainua watu katika boma ambalo sijalala tangu 1992. Likawainua. Uliponiandikia kwamba mzee mmoja alilia, nilifurahi siku nzima kabla sijaanza kuhesabu waliokubali. Hivyo nilipokuandikia Juni na Oktoba, nilikuwa naandika kwa mkono uleule na sikukuambia.

Unauliza nitapoteza nini. Nitakuambia jambo ambalo mama yako halijui, nawe utaamua kama alijue.

Mnajua kwamba nilikuwa mwalimu Molo na kwamba nyumba yangu ilichomwa katika ghasia za kikabila za 1992. Baadaye tulikaa wiki sita katika uwanja wa kanisa, familia thelathini na mbili, wengi wao watu wa Malava niliowaita mimi mwenyewe waje wanunue mashamba kule. Siku moja alikuja mtu na karatasi. Hakuwa mgeni. Alikuwa mtoto wa dada yake jirani yetu, amekula kwangu mara nyingi. Karatasi ilisema kwamba tumehama kwa hiari na hatuna dai. Akanivuta pembeni akasema, "Mwalimu, wengine hawajui kusoma. Ukianza wewe watafuata." Nikamuuliza tukikataa itakuwaje. Akatabasamu. Nikaanza. Watu thelathini na mmoja wakatia vidole chini ya sahihi yangu, na hakuna aliyeuliza imeandikwa nini, kwa sababu Mwalimu amesoma.

Watoto wao wako Malava hadi leo. Wengine walikuwa chini ya hema lile. Hiyo ndiyo sababu siji. Magoti ni kisingizio, na nauli ni kisingizio, na umri nao.

Kwa hiyo najua hasa nilichokifanya kwa Pascalia, maana nilishawahi kufanyiwa, na nilishawahi kuwafanyia wengine, na bado nikafanya tena nikiwa mzee mwenye akili zake, kwa ajili ya kupigiwa vigelegele nisivyoweza hata kuvisikia.

Sikufichi kwamba utapoteza kazi. Sina cha kukupa badala yake. Bado nasema nenda. Mimi sikwenda kwa mtu yeyote mwaka ule na nimeishi miaka thelathini na miwili nikingoja siku iliyo rahisi zaidi.

Ninaambatisha barua ya pili. Mpe George aisome palepale, kwa watu walewale, lakini baada ya wewe kuzungumza na daktari. Kabla ya hapo usiitoe, wasije wakadhani ni hila nyingine. Isome mwenyewe kwanza. Ni fupi. Inasema barua ya kwanza nilikosea kuiandika. Inasema anachoomba Mitchel ni cha Mitchel, na cha daktari ni cha daktari, na kwamba mtu anaweza kuwakatalia wote na mimi nikabaki wake. Inasema pia nani aliyetia sahihi ya kwanza Molo.

Kama baada ya hapo hawatanianikia mkeka, wana haki.

Isaiah


Kakamega, 27 Machi 2025

Khotsa,

Mulembe. Mama mzima, dawa anameza. Nilimsomea habari ya Molo mimi mwenyewe. Jioni akasema, "Kwa hiyo ndiyo hiyo tu," akaenda kuangalia kuku. Sijui alimaanisha nini. Hakuniruhusu kuuliza.

Nilikwenda kwa Daktari Chepkoech tarehe ishirini na mbili Januari. Nilimweleza mwiwa ni nani. Nilimweleza kicheko. Alikuwa akiandika, kisha akaacha. Akasema, "Mwaka mzima nimekuwa nikiwaonyesha watu fomu zako." Nikasema ndiyo. Akasema, "Kwa nini hukuniambia usitumwe pale?" Nikamwambia nilitaka kazi. Kisha, kwa sababu nilikuwa nimeshapoteza, nikamwambia, "Na wewe, Daktari, hukuniuliza kwa nini mimi peke yangu sina aliyekataa." Alikasirika sana. Aliniambia nitoke. Nilipofika mlangoni alikuwa ameshashika simu ya kuipigia kamati ya maadili.

Vidonge vilisimamishwa wiki hiyo kwa watu wote arobaini na mmoja, wakarudishwa kwenye dawa za dispensari. Mimi nilisimamishwa siku hiyohiyo, na barua ya mwisho nilipata Februari. Sasa naandikia watu fomu na maombi ya kazi kwenye kibanda cha chapa, karibu na stendi. Ni kazi. Tumepunguza mboga ili dawa za Mama zipatikane.

Kamati iliamua waulizwe upya, mmoja mmoja, ndani ya nyumba zao, na mtu wa mbali. Walimleta Kipngetich, kutoka Eldoret, na mkalimani wa Isecheno ambaye si wa ukoo wowote wa hapa. Kila mtu aliachiwa siku saba za kufikiri. Hakuna aliyeruhusiwa kujibu siku ya kwanza hata akitaka.

Barua yako ilisomwa kabla hawajaanza. George alifika kwenye sehemu ya Molo sauti ikamwisha, ikabidi katekista amalizie. Mzee mmoja aliinuka akaondoka. Mwanamke mmoja alisema baba yake alikufa akikuombea. Mwingine akasema, heri umesema. Sikuona anayelia safari hii. Siwezi kukuambia kama wamekusamehe. Hawajaniambia, nami siwajibii.

Kumi na tisa wamekataa. Ishirini na wawili wamekubali. Yule mzee aliyemtania Mama Pascalia juu ya mahindi ni mmoja wa waliokataa.

Mama Pascalia alimkalisha Kipngetich saa nzima siku ya kwanza na saa mbili siku ya saba. Aliuliza kompyuta inachaguaje. Aliuliza alikuwa amemeza kipi, na alipoambiwa bado hawaruhusiwi kufungua siri hiyo, alisema wakiruhusiwa waje wamwambie yeye kabla ya kuandika kitabu. Aliuliza damu yake iko wapi. Walimwambia iko Kakamega, kwenye friji. Akasema, "Itoeni." Kisha akasema hataki kuendelea, na wakaandika. Kidole hakikuhitajika. Kipngetich aliniambia ndiye mtu pekee aliyemshukuru kwa kumuuliza akamfukuza katika sentensi moja.

Jumamosi nilikwenda kumwona. Nilikuwa sijakaa naye tangu Agosti. Alikuwa ameketi mlangoni, mkono wa kulia mapajani, akipepeta maharagwe kwa wa kushoto, mengi yakimwagika. Nilipiga magoti nikamwomba msamaha. Hakusema amenisamehe. Alisema, "Inuka, utachafua sketi." Akaniuliza habari za mama. Tukaongea juu ya maharagwe.

Nilipoinuka kuaga akaniambia, "Mitchel, niombe kitu."

"Kitu gani, Mama?"

"Chochote. Niombe."

Nilikuwa nimetembea kutoka barabarani, na jua lilikuwa kali. Nikaomba maji ya kunywa.

Akasema, "Hapana."

George alikuwa kwenye kiambaza. Aliinuka haraka kwenda kwenye mtungi, mama yake akamrudisha kwa jicho. Midomo ilikuwa inamtetemeka, ule upande uliolegea zaidi kuliko mwingine. Alinitazama usoni, halafu akatazama shamba, halafu akanitazama tena.

"Miaka sitini na nane," akasema. "Nilikuwa sijawahi."

Nilingoja kidogo, nikidhani sasa atamwambia George aniletee. Hakumwambia. Alirudi kwenye maharagwe yake. Basi nikamuaga, nikashuka na kiu yangu hadi barabara ya Webuye.

Mitchel